Mhadhara wa hisabati usioulizwa swali

Kila mtafiti wa hisabati anayesimama mbele ya wenzake hapa Unguja anajua kuwa swali moja linamsubiri mwishoni: hii itatusaidia nini? Kwa kawaida huulizwa na mtu wa heshima aliyekaa kiti cha mbele, na aghalabu ndilo swali pekee. Mtoa mada huwa ameshajitayarisha. Slaidi yake ya mwisho, kabla ya ile ya shukurani, inataja manufaa kwa jamii, na chini yake kuna mistari mitatu kuhusu uchumi wa buluu, afya na akili mnemba. Watu wanapiga makofi, picha ya pamoja inapigwa, chai inanywewa.

Sina ugomvi na swali lenyewe. Mkulima wa karafuu na mwenye duka Darajani ndio wanaolipa kodi inayowalipa wahadhiri, na mlipaji ana haki ya kuuliza. Ugomvi wangu ni kwamba swali hili limeyameza mengine yote. Anayewasilisha kuhusu malaria anapita kwa ulaini kwa sababu malaria inajijibu yenyewe, hata kama mlinganyo wake haujawahi kuonana na mgonjwa. Anayewasilisha kuhusu namba tasa au nadharia ya makundi anahukumiwa kabla hajaandika mstari wa pili. Wote wawili wanaondoka bila kujua kama kazi yao ni sahihi, na mhadhara wa utafiti umewekwa kwa ajili ya hilo hasa.

Nianze na hisabati tumizi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa, na kwa kuwa Unguja ina mfano ambao wataalamu wa wadudu duniani wanausoma hadi leo. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o wa aina ya Glossina austeni walifutwa kisiwani. Walizalishwa Tanga kwa mamilioni, madume wakafanywa tasa kwa mionzi, wakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa juu ya kisiwa, msitu wa Jozani ukiwemo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Nagana, maradhi yaliyokuwa yakiwadhoofisha ng'ombe, yakaondoka naye.

Hesabu iliyo nyuma ya kazi ile ni ya Mmarekani Edward Knipling, aliyeichapisha mwaka 1955, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuifuata kwa kalamu. Chukua porini majike milioni 1 na madume milioni 1. Mwaga madume tasa milioni 2, na ufanye hivyo hivyo kila kizazi. Jike anayepandwa na tasa hazai, kwa hiyo theluthi moja tu ndio watakaozaa, na kizazi kinachofuata kina majike 333,333. Sasa madume tasa ni milioni 2 tena, lakini wazima wamebaki 333,333, na mgawo umekuwa mkali zaidi: kizazi cha pili kinabaki na majike 47,619. Cha tatu, 1,107. Cha nne, chini ya mmoja. Dawa ya kunyunyiza huua asilimia ile ile kila mara, na kadiri wadudu wanavyopungua ndivyo gharama ya kumpata mmoja inavyopanda. Hesabu ya Knipling inakwenda kinyume, inazidi nguvu kadiri adui anavyokuwa mchache.

Hebu mfikirie Knipling amesimama mbele yetu na anaulizwa itatusaidia nini. Jibu analo tayari, na jibu hilo halitufikishi popote. Maswali yaliyoamua kama mbung'o wangetoka Unguja yalikuwa mengine. Dume aliyekulia maabara Tanga ana ubavu wa kushindana na yule wa Jozani? Jike akipandwa na wawili, mbegu ya nani inafanya kazi? Kuna mbung'o wanaovuka mkondo kutoka bara? Kama wapo hata wachache, inabidi uongeze namba kwenye kila kizazi, na sifuri haifikiki tena. Na kwa nini uanze na milioni kama unaweza kwanza kuwapunguza? Hili la mwisho ndilo lililofanywa kwanza: vitambaa vyenye sumu vilitundikwa, ng'ombe wakapakwa dawa, na madume tasa wakaja kumalizia wachache waliobaki, maana mgawo ule unataka wengi dhidi ya wachache. Ukisiwa wa Unguja nao ulikuwa sehemu ya mlinganyo. Namba ya wahamiaji ilikuwa sifuri.

Wanahisabati wa maradhi wanapenda visiwa kwa sababu hiyo hiyo. Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kuwa malaria huletwa na mbu, aliandika hesabu zake za mwanzo kuhusu maambukizi katika ripoti ya mwaka 1908 juu ya kisiwa cha Mauritius. Waganga wengi wa zama zake waliamini kwamba bila kumuua mbu wa mwisho hakuna faida. Ross alionyesha kwa kalamu kuwa kuna kiwango ambacho mbu wakishuka chini yake, maradhi hufa yenyewe. Baadaye, miaka ya 1950, George Macdonald akaonyesha mahali penye nguvu zaidi katika hesabu hiyo. Kimelea kinahitaji kama siku 10 ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Mbu mwenye nafasi ya asilimia 90 ya kuimaliza kila siku akiwa hai, atafika siku ya 10 mara 35 katika 100. Ishushe nafasi hiyo hadi asilimia 80, atafika mara 11 tu. Punguzo dogo la kila siku linazidishwa na nafsi yake mara kumi. Ndiyo maana kupulizia ukuta, pale mbu anapotua akiwa ameshiba damu, kunaleta matokeo ambayo kuua viluwiluwi peke yake hakuyafikii kwa urahisi.

Linganisha sasa na mhadhara wa hisabati tumizi tuliouzoea. Jamii inagawanywa visanduku: wanaoweza kuambukizwa, waliobeba vimelea, wanaoumwa, waliopona. Mishale inachorwa. Milinganyo sita au saba inaandikwa. Inathibitishwa kuwa jawabu lipo na kwamba idadi ya watu haiendi chini ya sifuri, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na wasiwasi nalo. Inatafutwa namba ya msingi ya maambukizi, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza. Hali isiyo na maradhi inaonyeshwa kuwa imara namba hiyo ikiwa chini ya 1, na kuyumba ikizidi. Zinafuata grafu za rangi ambazo vigezo vyake vimeazimwa kutoka makala ya nchi nyengine, ambayo nayo iliviazima, na hitimisho ni kwamba serikali iongeze elimu kwa umma. Nimesikiliza mada za namna hii kuhusu malaria, kipindupindu, kichaa cha mbwa na hata rushwa, na ungebadilisha majina ya visanduku usingejua umekaa kwenye ipi.

Kazi hii inaitwa tumizi na hakuna anayeitumia. Wala si hisabati halisi, kwa kuwa uthibitisho wake ulishafanywa na wengine na mwanafunzi anajaza nafasi tu. Inaishi kwa sababu chumba kinaipa ruhusa ya kuishi. Mtu mmoja akinyanyua mkono na kuuliza "hichi kigezo cha 0.3 umekitoa wapi, na ungekipima vipi Micheweni?" mada nzima inaanza kupumua au inazimika, na kuzimika nako ni heri, kwani mwanafunzi bado ana mwaka mmoja wa kurekebisha. Swali jengine zuri: ukikizidisha kigezo hicho mara mbili, ushauri wako kwa Wizara ya Afya unabadilika? Kama haubadiliki, hukuhitaji milinganyo. Na kwa Zanzibar ya leo, ambako malaria imeshushwa sana na wagonjwa wengi wanahusishwa na safari za bara, swali ni la kisiwa tena: ile namba ya wahamiaji, iliyokuwa sifuri kwa mbung'o, haiwezi kuwa sifuri kwa vimelea vinavyoshuka kila siku na abiria wa boti kutoka Dar es Salaam. Mlinganyo usiokuwa na boti si mlinganyo wa Unguja.

Nije upande wa pili, wa hisabati halisi, ambao ndio unaodharauliwa.

Mwaka 1956 mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, aliombwa kwenda sehemu ya wiki yake kusimamia kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Aliona madaktari wakipanga kiasi cha mionzi kama kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja kisicho na mfupa wala pafu. Akajiuliza: tukipitisha miale mwilini kwa kila upande na kupima kiasi kinachotoka, tunaweza kuhesabu kilichomo ndani? Hilo ni swali la hisabati tupu. Umepewa jumla za kila mstari unaopita kwenye umbo, utafute umbo. Cormack alilishughulikia kwa miaka, akapata jibu, akalichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kuvutia kuliko yote la nakala ya makala yake lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Miaka mingi ilipita ndipo akagundua kuwa tatizo lake lilishatatuliwa mwaka 1917 na Johann Radon, Mwaustria, ambaye hakuwa na mgonjwa wala mashine kichwani. Radon alilitatua kwa sababu lilikuwa zuri. Mwaka 1979 Cormack na Mwingereza Godfrey Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi iliyozaa CT-scan, na kila mgonjwa anayelazwa leo ndani ya mashine ile anapigwa picha kwa hesabu ya namna hiyo.

Wanaoipenda hadithi hii huitumia kusema kuwa hisabati halisi huleta faida mwishowe, basi tusubiri. Mimi naisoma tofauti kidogo. Jambo linaloniuma ni ile miaka ambayo mtu mmoja alikuwa na swali na mwengine alikuwa ameshaacha jibu, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kusema "ndugu yangu, hilo lilishafanywa". Maktaba haikusaidia, maana Cormack hakujua atafute nini. Makala ya Radon ilikuwa ya Kijerumani, na kichwa chake hakikutaja mwili wala miale. Mtu wa tatu wa namna hiyo hupatikana kwenye chumba ambamo watu wa fani mbalimbali wamezoea kuwasikiliza wenzao wakieleza jambo ambalo bado halijaiva.

Mwaka 1972, huko Princeton, jambo la kinyume lilitokea. Hugh Montgomery, kijana wa nadharia ya namba, alitambulishwa wakati wa chai kwa mwanafizikia Freeman Dyson. Alimweleza fomula aliyoipata kuhusu namna sifuri za zeta ya Riemann, kitendakazi kinachohusiana na mpangilio wa namba tasa, zinavyopeana nafasi. Dyson akaitambua papo hapo: ilikuwa fomula ile ile wanafizikia waliyokuwa wakiitumia kwa matriki nasibu, yaani majedwali ya namba za kubahatisha, wanapochunguza nishati za viini vizito vya atomu. Mazungumzo ya dakika chache yakafungua uwanja ambao hadi leo una watu. Nani angethubutu kumwandikia mfadhili kwamba matokeo yanayotarajiwa ya mradi ni kikombe cha chai?

Najua jibu litakalokuja. Huko ni Princeton, sisi tuna skuli ambazo hisabati ndiyo inayofelisha watoto kila mwaka, tuanze huko. Hoja ina uzito, lakini inasahau kuwa mwalimu wa skuli anatoka kwenye chumba hichi hichi. Mwalimu aliyepita miaka mitatu chuoni bila kuona hata siku moja mtu mzima akikwama ubaoni, akifuta na kuanza upya, atakwenda Makunduchi au Wete kufundisha kwamba hisabati ni kanuni za kukariri. Hajawahi kuona kitu chengine.

Isitoshe, hali yetu si ya ukiwa. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kambi yake kuu ipo Tunguu. Tunguu hiyo hiyo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Zanzibar. Chuo Kikuu cha Sumait kipo Chukwani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Buyu. Tangu Novemba 2023 kuna kambi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, huko Bweleo, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, iliyoanza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba, masomo ambayo ukiyavua nguo unakuta aljebra ya mstari, kalkulasi na nadharia ya uwezekano. Kutoka Chukwani hadi Buyu na Bweleo ni ukanda mmoja wa pwani. Tunguu haiko mbali. Nchi kubwa ngapi zina vyuo kadhaa na taasisi ya bahari ambavyo mtu anaweza kuvizunguka vyote asubuhi moja na akarudi nyumbani kwa chakula cha mchana? Hata hivyo kila chuo kina semina yake, au hakina, na wanahisabati wa kisiwa kimoja wanakutana kwenye kongamano Dodoma au Arusha, ambako wanafurahi kufahamiana.

Pemba ndiyo inayoumia zaidi. Kambi ya SUZA ya Mchangamdogo ina wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu wa sayansi, na mhadhara unaofanyika Tunguu ni kama umefanyika ng'ambo. Kuunganisha kwa Zoom kunasaidia pale tu kamera inapoelekezwa ubaoni na mtu wa Pemba anapopewa nafasi ya kuuliza wa kwanza. Vyenginevyo anaangalia visogo vya watu.

Tatizo la kuuliza linahitaji maneno zaidi, kwa sababu fedha haitalitatua. Kwetu, kumuuliza mtu mzima swali gumu mbele za watu kunaonekana kumvunjia heshima. Kijana anaanza na shikamoo, anashukuru kwa mada nzuri, anampongeza Profesa, na mpaka afike kwenye swali lenyewe mwenyekiti ameshasema muda umekwisha. Wengi hawafiki hata hapo. Wanasubiri hadi ukumbini nje, sahani ya sambusa mkononi, ndipo mtu anamwambia mwenzake kwa sauti ndogo: mimi ule mstari wa tatu sikuufahamu. Mara nyingi mstari wa tatu ndio wenye kosa.

Moscow waliwahi kuwa na dawa ya hili. Mwanahisabati Israel Gelfand aliendesha semina yake ya jioni za Jumatatu kuanzia mwaka 1943, na ilidumu miongo. Alikuwa mkali, anamkatiza mtoa mada, anamgeukia aliyekaa nyuma. Desturi yake moja ningeileta Tunguu kesho: alikuwa akimteua msikilizaji wa kupimia, mara nyingi mwanafunzi mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kusema kama amefahamu. Kama hakufahamu, mtoa mada alirudia. Kwa desturi hiyo, kutofahamu kunageuka kuwa wadhifa. Kijana wa mwaka wa tatu akisema "Profesa, sijafahamu", havunji adabu ya mtu, anatekeleza aliyoagizwa. Ukali wa Gelfand tuuache Moscow, hautufai.

Wala hatuna haja ya kujifanya kuwa jambo hili ni geni. Aliyekaa darsa anajua mwanafunzi anavyosoma matini kwa sauti, sheikh akamsimamisha, akamrudisha nyuma, akawauliza waliokaa pembeni. Katika elimu za zamani za darsa ilikuwemo falaki, ambayo ndani yake kuna jiometri ya tufe: nyakati za sala, miandamo ya mwezi, uelekeo wa kibla. (Kwa kibla tumepata bahati. Makka iko karibu kwenye longitudo yetu, kwa hiyo kutoka Unguja unaelekea kaskazini na kugeuka mashariki kwa chini ya digrii mbili.) Adabu ya darsa haikuwahi kumzuia mtu kusimamishwa katikati ya sentensi. Heshima yetu ya ukumbi wa mikutano, yenye mgeni rasmi na itifaki kuzingatiwa, tumeijifunza kwingine, nayo haifai kwa hisabati.

Lugha nayo iachiwe. Slaidi na ziwe za Kiingereza kama mtoa mada anataka, kwa kuwa makala itapelekwa kwenye jarida la Kiingereza. Lakini mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba maswali ni kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo. Mtu anayetafuta maneno ya kigeni na wakati huo huo anatafuta kosa ndani ya uthibitisho anafanya kazi mbili, na ile ya pili ndiyo anayoiacha.

Kama ningeulizwa mhadhara wa kwanza uwe wa nini, ningechagua bamvua. Mwezi unapandisha maji kila baada ya saa 12 na dakika 25, jua kila baada ya saa 12 kamili. Vikivuta pamoja tunapata bamvua, na maji yanatofautiana kwa karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa; vikipingana tunapata maji mafu. Zile dakika 25 ndizo zinazorudisha bamvua kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi, na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao wengi wao ni wanawake, wanapanga wiki zao kwa hesabu hiyo bila kuiandika popote. Mwanafizikia Kelvin, miaka ya 1860 na 1870, aliyavunja maji ya bandari kuwa jumla ya mawimbi ya namna hii, kisha akaunda mashine ya magurudumu ya kuyajumlisha. Hapo mtu wa Buyu ana la kusema, kwa kuwa bandari ya Unguja ina kumbukumbu za vipimo vya maji tangu miaka ya 1980.

Na hapo hapo mtu wa hisabati halisi ana la kusema. Vipindi hivyo havina kigawe kimoja kinachovichukua vyote, kwa hiyo maji hayarudii umbo lao sawasawa. Hata hivyo, ukitaja kosa lolote dogo utakaloridhika nalo, kuna muda ambao ukisubiri yatarudi yakiwa yamekaribia kiasi hicho. Nadharia ya vitendakazi vya namna hii ilijengwa miaka ya 1920 na Harald Bohr, Mdenishi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa timu ya taifa iliyopata medali ya fedha ya kandanda katika Olimpiki ya London mwaka 1908. Mvuvi wa Nungwi anayekwambia kuwa bamvua hili halifanani na la mwaka jana anasema jambo ambalo Bohr alilithibitisha. Mhadhara mmoja wa saa moja unaweza kuwabeba wote watatu, na dakika ishirini za mwanzo mwalimu wa skuli ya Jambiani angezifuata bila tabu.

Gharama yake? Chumba kimoja, ubao, chaki au kalamu, chai, na nauli ya watu wachache. Posho ya kikao isiwepo, kwa sababu itakapokuwepo chumba kitajaa watu waliokuja kusaini. Siku iwe moja kila wiki, saa ile ile, hata wakiwa watu wanne, hata mtoa mada akiwa na nusu ya uthibitisho. Kongamano moja la hotelini kule Nungwi, lenye mabango na mikoba iliyochapwa nembo, lina bajeti ya kuendesha semina kama hii kwa miaka kadhaa, na sijui kwa nini hakuna mkaguzi aliyewahi kuziweka hesabu hizo mbili karatasi moja.

Kizuizi cha kweli ni kwamba mhadhiri hana sababu ya kuja. Ana madarasa makubwa ya kufundisha, mitihani ya kusahihisha, na anapoomba kupanda daraja anahesabiwa makala. Makala ya visanduku saba inamletea alama. Saa tatu za kumtafutia mwenzake kosa kwenye mstari wa tatu hazimletei chochote, na kumsimamia kijana wa mwaka wa tatu ajifunze kusema hakufahamu hazimletei chochote vilevile. Mabaraza ya vyuo yanaweza kulibadilisha hilo kwa kipengele kimoja katika kanuni za kupandishwa daraja: alama kwa anayeandaa mihadhara mwaka mzima, alama kwa anayeitoa, na alama kwa makala iliyosomwa mbele ya wenzake wa chuo chengine kabla haijapelekwa jaridani. Kipengele hicho hakihitaji mfadhili wala mgeni rasmi, na kikao kinachofuata cha seneti kinaweza kukipitisha kabla ya mapumziko ya chai.